Mmetugawia Vipya, vya Zamani Mmemwachia Nani?

JICHO LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Shomari

Anayegawa chandarua kipya bila kuuliza cha zamani kitakwenda wapi amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ameitupa ziwani. Nalisema mapema ili anayetaka kunigombeza asisubiri aya ya mwisho.

Jumanne nilishuka kwenye mwalo mmoja huku kwetu Mwanza kufuata dagaa. Nikakuta wavulana wawili, mmoja maji ya kiuno, mwenzake ukingoni, wanavuta kokoro la vyandarua vilivyoungwa kwa uzi wa gunia. Kokoro ni haramu, kila mtoto wa ziwa analijua hilo. Kilichotoka majini kilinichoma moyo: vifaranga vya sato, wadogo kama ukucha, wamebanana kwenye matundu ambayo hata mbu hapiti. Wanauzwa chambo kwa wavuvi wa ndoano za sangara. Samaki wa mwakani wanauzwa leo kwa kopo!

Nikafoka. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, naye kawaanika juu ya chandarua, akanigeukia: "Dada, sasa tuvipeleke wapi? Tukivichoma, mnasema moshi wake sumu. Tukivitupa jalalani, mbuzi wanavitafuna. Nyumbani vinajaa panya." Hasira yangu ikahama pale pale, ikapanda mlima mpaka ofisi ya kijiji, ambako siku hiyo hiyo vyandarua vipya vilikuwa vinagawiwa. Nikamuuliza kijana mwenye daftari: vilivyochoka mnavipokea wapi? "Mama, sisi tumekuja kugawa, hatujaja kukusanya." Nyuma yake lori lilikuwa limeshashusha marobota. Likawashwa, likarudi mjini tupu.

Tupu! Mnaonisoma tangu enzi za mifuko ya plastiki, rambo, mnajua nilivyoshangilia tarehe 1 Juni 2019, nchi ilipoipiga marufuku. Sasa chandarua kimoja ni karibu nusu kilo ya plastiki, uzito wa makumi ya ile mifuko laini, na baada ya miaka mitatu hivi kimechoka. Mfuko tuliufukuza hadi sokoni. Chandarua kilichochanika hakina hata mtu wa kukiulizia.

Wataalamu wanalinganisha kipi kina nafuu kwa mazingira. Cha poliesta huzama, kikalala chini pale sato anapotengeneza kiota. Cha poliethilini huelea, kikanasa kwenye matete na mapangaboi. Hiki kimetiwa permethrini, kile deltamethrini, ndugu wa ukoo mmoja wa pairethroidi, dawa ambazo binadamu anazihimili lakini samaki huuawa na kiasi kidogo mno. Kwangu vikishaingia majini vyote ni taka yenye sumu, na ubishi wa kipi bora uishie dukani. (Jirani yangu mmoja chake kakizungushia mchicha. Huyo nimemwacha, yuko nchi kavu.)

Asiniandikie mtu kwamba napinga vyandarua. Watafiti walikadiria kuwa kati ya 2000 na 2015 Afrika iliepushiwa wagonjwa milioni 663 wa malaria, na asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua vyenye dawa. Nimelea watoto chini yake tangu tulipokuwa tunavichovya wenyewe kwenye beseni, miezi sita kwa miezi sita, na masalia ya dawa yakimwagwa popote mikono ilipochoka kubeba. Vya sasa dawa imo tangu kiwandani, na hapo ziwa limepata ahueni ya kweli. Ndiyo maana uzembe wa mwisho wa safari unaniuma.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza: visichomwe hadharani, visitupwe majini. Vikusanywe kama upo uwezo wa kuviteketeza au kuvirejeleza kwa usalama. Kama haupo, vifukiwe mbali na vyanzo vya maji. Na tusiambiwe utaalamu wa nyuzi hizi uko ng'ambo, maana Arusha vinatengenezwa. Basi bajeti ya ugawaji ujao iandike waziwazi mafuta ya lori la kurudi limejaa. Na kikosi cha doria kabla ya kumtia pingu mvulana yeyote wa mwaloni, kianze na bosi aliyesaini safari ya lori lile.