Dashibodi imepasuka, wewe unaipaka mafuta!

Jamani wadau, leo siasa naiweka pembeni. Nataka kusema na wenye magari, hasa sisi wenye vigari vya mtumba vilivyoanza kuzeeka kabla hata hatujavilipia ushuru bandarini. Kuna ugonjwa umeingia mjini na tumeshauona kama urembo. Panda gari lililovuka miaka kumi na tano hapa Dar es Salaam: ama dashibodi inang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai, au imefunikwa kapeti la manyoya. Funua hilo kapeti uone! Nyufa kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe kwa manyoya.

Tuanze na chanzo. Ngozi ya dashibodi nyingi za zamani ni plastiki ya PVC iliyowambwa juu ya sponji. PVC kwa asili ni ngumu, ndugu yake ni yale mabomba ya maji. Ili ilainike, kiwandani huchanganywa na kemikali za kulainisha. Gari likianikwa juani mwaka hadi mwaka, kemikali hizo zinatoka kidogo kidogo. Ule ukungu wa mafuta mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ni dashibodi yako inayohama. Inayobaki inakakamaa na kusinyaa, na kwa kuwa imeshikiliwa kila upande, inapasuka palipo dhaifu: karibu na kioo, kwenye kona na kwenye matundu ya hewa.

Wengi wanalaumu mionzi. Ina mchango wake, lakini kioo cha mbele kina vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, na kinazuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno. Joto ndilo linalopita na kujifungia humo ndani. Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitoa vipimo vyao: gari likikaa juani saa moja siku ya kiangazi, dashibodi ilifika wastani wa nyuzi joto 69 za Selsiasi. Lililokuwa kivulini, 48. Nyuzi 21 zimeondolewa na kivuli tu, kitu kisichouzwa dukani!

Sasa nijibuni, yale mafuta ya silikoni tunayopakwa kila tukiosha gari yanafanya nini? Hayarudishi kemikali iliyotoka. Yanakaa juu na kung'aa, basi. Siku ukitaka kuziba ufa, silikoni hiyo hiyo inakataa gundi na rangi zisishike. Baya zaidi, saa nane mchana mng'ao unarudi kwenye kioo, na pale alipo mtu anayevuka barabara wewe unaona picha ya dashibodi yako. Huo ndio urembo tunaoulipia kila Jumamosi.

Na kapeti? Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 yana eabegi, ule mfuko wa hewa, upande wa abiria. Tazama dashibodi yako, utaona maandishi SRS. Mfuko huo unatakiwa kufumuka chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, tena kwa kupasua njia kwenye dashibodi. Halafu wewe umeugandishia kapeti juu, na kwenye kiti hicho unamkalisha mkeo au mama yako mzazi. Tunafanya mzaha na roho za watu.

Mafundi wetu nao nawapenda, lakini hapa siwaungi mkono. Fundi anachukua fila ya bodi, ile ya kuzibia mabonde ya bati, anaijaza kwenye ufa wa dashibodi. Fila hiyo ikikauka ni ngumu kama sahani. Dashibodi inatanuka mchana na kunywea usiku, kwa hiyo ufa lazima urudi. Ukipita juu ya mfuniko wa eabegi ndiyo balaa, kwa sababu unaweza kuuzuia usifunguke, au kumrushia abiria vipande usoni.

Njia sahihi ipo. Osha kwa maji na sabuni, kisha futa kwa spiriti hadi silikoni yote itoke. Kata kwa wembe kingo zilizojikunja. Jaza kijazio kinachonyumbulika, kile cha kutengenezea vinili, tabaka jembamba jembamba, kila moja likauke kwanza. Piga msasa laini, malizia na rangi ya vinili isiyong'aa. Nyufa zikiwa nyingi, tafuta fundi wa viti aivue dashibodi na kuiwamba upya, au nunua nyingine nzima. Ufa ukigusa mfuniko wa eabegi, usiuzibe. Badilisha.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri, ufa haulizuii gari kutembea. Hapana. Huko Marekani Toyota ilikubali kwa muda kubadilisha bila malipo dashibodi zilizonata na kupasuka kwenye baadhi ya magari yake, zikiwemo Camry za 2007 hadi 2011. Wenzetu hawakuambiwa wakanunue manyoya. Na maskini ndiye asiyeweza kununua dashibodi mpya, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuhitaji kinga. Kizuia jua cha kukunja unakinunua kwenye foleni. Mwarobaini na mwembe vinatoa kivuli bure. Mimi naegesha mbali na ofisi kufuata mwembe, wenzangu wananicheka, na dashibodi ya kigari changu cha mwaka 1998 haina ufa hata mmoja.

Kwa hiyo naomba tuanze hivi. Ukiosha gari, sema "dashibodi kitambaa chenye maji tu". Ukienda kununua gari, funua kapeti kabla hujafungua boneti. Na wewe muuzaji unayeficha ufa juu ya eabegi kwa fila na rangi, jina lako ni tapeli hata kama una duka lenye kiyoyozi.

Naomba kuwasilisha.