Anayetaka mahindi anunue na kunde

WAFANYABIASHARA wa nafaka wanaoingia Handeni na Korogwe huuliza kwanza bei ya gunia la mahindi, kisha hali ya barabara. Wachache huuliza shamba lilipandwa nini msimu uliotangulia, ingawa swali hilo ndilo linalogusa mzigo wa mwakani.

Kunde, choroko na mbaazi zina vijundu kwenye mizizi, na ndani yake bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Masalia yakiachwa shambani, sehemu ya naitrojeni hiyo huyafaa mahindi yanayofuata. Anayeng'oa mashina na kuyachoma huichoma faida pamoja nayo.

Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, lakini bei yake hupangwa mbali na Mkata na Mombo. Mwaka 2022 mbolea ilipanda mno duniani hata Serikali ikaleta ruzuku kwa msimu wa 2022/23. Mkulima anayepanda mahindi juu ya mahindi kila msimu ndiye anayeumia zaidi bei ikipanda.

Wapo watakaokumbusha yaliyoipata mbaazi. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Bei ikaporomoka nchini, wakulima wakabaki na mzigo. Hata hivyo, funzo la mwaka ule ni kutomtegemea mnunuzi mmoja, si kuiacha mikunde. Maharage yanayoshuka kutoka milima yenye baridi ya Lushoto yanathibitisha kuwa soko la ndani lipo. Kunde nazo hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, majani yake ni mboga, na za vuli zinaweza kuyatangulia mahindi ya masika.

Kikwazo kikubwa ni ghala. Kunde hubunguliwa upesi, hivyo mkulima huziuza kwa bei yoyote mara baada ya kuvuna. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia wadudu hao bila dawa, na kwa mwenye mtaji mdogo huo ni uwekezaji wa maana kuliko kungojea lumbesa.

Mkulima hawezi kurutubisha ardhi kwa zao lisilompa fedha. Mfanyabiashara atakayenunua kunde zake kwa mizani na kwa bei ya haki atakuwa anajihakikishia mahindi ya msimu ujao.