Kuku akisinzia, usimkimbize sokoni

SEPTEMBA iliyopita, jirani yangu mmoja huku Buhongwa aliamka asubuhi akamkuta mtetea wake amejikunyata kando ya mafiga, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu. Huyo hakuwa mtetea wa hivi hivi. Ndiye aliyekuwa akimwangulia vifaranga, na vifaranga hao ndio walionunua sare za shule za mtoto. Kufikia saa tatu mama yule alikuwa ameshapata ushauri wa watu watatu. Wa kwanza alimwambia amnyweshe maji ya pilipili kichaa na majivu. Wa pili alimletea kapsuli za rangi mbili zilizobaki nyumbani kwake tangu mwanawe alipougua. Wa tatu, na huyu ndiye aliyesikilizwa, alimwambia: "Mama, huyo bado anasimama. Mpeleke sokoni leo leo kabla hajaanguka."

Kuku akauzwa. Mchuuzi aliyemnunua alimtia kwenye tenga pamoja na wengine aliowakusanya kutoka Usagara na Misungwi. Baada ya wiki akarudi amekuja juu: zaidi ya nusu ya tenga wamekufa na mtaji umekwenda. Hakupata wa kugombana naye, maana kwa mama yule nako, kati ya kuku 14 walikuwa wamebaki watatu.

Ndugu msomaji, visa vya namna hii tunavisikia kila kiangazi kuanzia Magu hadi Sengerema, na tumevizoea kama tunavyozoea vumbi. Tunalaumu ukosefu wa dawa. Mimi naona kosa letu kubwa liko kwingine, nalo ni kumtoa kuku mgonjwa nyumbani.

Tumtendee haki mama yule, hesabu yake haikuwa ya kijinga. Kuku mzima wa kienyeji tukimkadiria Sh 20,000, akianza kusinzia akauzwa hata kwa Sh 8,000, si haba. Akifa ni sifuri, na kazi ya kuchimba shimo juu. Kwa nyumba moja hesabu hiyo inakubali. Tatizo ni kwamba nyumba ya pili nayo inapiga hesabu hiyo hiyo, na ya tatu, na wagonjwa wote hao wanakutana sokoni. Mchuuzi asipowamaliza jioni anarudi nao kwake, wanalala na kuku wake. Mteja mwingine hanunui wa kuchinja, ananunua wa kufuga, anaondoka na maradhi ndani ya kikapu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, tenga linalotoka upande wa Sengerema halisubiri tena kivuko. Ni neema kubwa kwa biashara, lakini ugonjwa nao unavuka kwa dakika zile zile.

Ugonjwa wenyewe ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Wataalamu waliutambua mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake ndilo lililopewa ugonjwa huu kitaalamu. Karibu miaka 100 imepita na hakuna dawa ya kuutibu. Unaletwa na kirusi, na kirusi hakijali kapsuli za rangi mbili, hata ukimmezesha kuku kopo zima. Unachopata ni gharama, mayai yenye mabaki ya dawa ambayo watoto wako watayala, na vijidudu vingine vinavyojifunza kuizoea dawa hiyo, ili siku ukiugua wewe isikusaidie. Pilipili, shubiri na mwarobaini siwezi kumkataza mtu, tumezikuta kwa wazee wetu. Ila nimeona wengi wakimnywesha kuku shubiri na kumwachia aendelee kunywa chombo kimoja na wenzake, wakiamini wameshatibu. Hapo ndipo wanapoangamizwa.

Sasa mtu ataniuliza, kama hakuna dawa na sokoni nisimpeleke, nifanye nini? Mtenge. Saa ile ile, usingoje jioni. Tenga kuukuu, boksi, hata ndoo pana iliyotobolewa inatosha, mradi iwe mbali na wenzake, kivulini, pasipo na upepo. Mpe maji safi ya kunywa, na chombo chake kisirudi kwa wengine. Mgonjwa hatafuni mahindi, kwa hiyo mpikie uji mzito wa pumba na kiganja cha vumbi la dagaa, ambalo huku kwetu halina shida kupatikana. Anayemhudumia awahudumie kwanza wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha anawe mikono kwa sabuni na kusugua ndala zake. Hizo ndala mnazidharau, lakini kinyesi kinachonata kwenye soli kinaweza kutembea na kirusi hadi kwa shemeji yako Kisesa.

Halafu mwangalie vizuri, maana si kila anayesinzia ana kideri. Akiharisha kijani, akikoroma, shingo ikipinda au bawa likilegea, na wengine wakaanza kumfuata kwa kasi, jiandae kwa kideri. Vifaranga wakiharisha damu, hiyo ni koksidiosisi, ina dawa, na inapenda banda lenye unyevu. Vipele vyeusi kichwani na kwenye upanga ni ndui. Huyo mwoshe kwa maji ya chumvi, mlishe kwa mkono kama macho yameziba, na wengi hupona. Uso ukivimba na pua zikatoa uchafu wenye harufu, yaelekea ni mafua, nayo yana dawa. Upanga ukipauka na kinyesi kikawa cha njano, shuku homa ya matumbo. Lakini aliyekonda pole pole kwa wiki kadhaa huenda ana minyoo tu, au viroboto wamemganda kichwani wakimnyonya. Mtu aliyemkimbiza huyo sokoni kwa bei ya hasara amejiibia mwenyewe. Dawa ya yote hayo muulize bwana mifugo wa kata, si muuza duka asiyemwona kuku wako, na ukishatumia dawa heshimu siku zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kula yai au nyama.

Wakifa wengi kwa mpigo, usinyamaze. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa, na ina sababu. Januari 2017 wenzetu wa Uganda walitangaza mafua makali ya ndege baada ya ndege wa porini kufa kwa wingi Lutembe, kwenye fukwe za ziwa hili hili karibu na Entebbe, kisha bata na kuku wakakutwa nayo Masaka. Kwa macho hayo na kideri hutayatofautisha, yanahitaji maabara, na hapa Mwanza kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kipo. Mizoga ichomwe au izikwe kwa kina. Kule mialoni nimeona watu wakiitupa majini na mbwa wakiitoa tena, wakiiburura juu ya mchanga wanapoanikwa dagaa, mahali ambapo kuku wa kijiji kizima hushinda wakidonoa.

Hayo yote ni kuzima moto. Chanjo ipo, tena imetengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ile ya I-2 ilitokana na utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini inazalishwa na Wakala huyo huyo. Haipotezi nguvu upesi kwa joto kama chanjo za zamani, ingawa jua la moja kwa moja inalichukia, hivyo ibebe imefungwa kwa kitambaa kibichi. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo sawa sawa, na kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Anayechanjwa ni mzima. Ukimdondoshea aliyekwisha kuugua hutamponya, kesho utaisingizia chanjo kwamba imeua. Na kwa kuwa kinga huchukua hadi wiki mbili kujengeka, tone la kiangazi linatakiwa liingie kiangazi hakijakolea.

Tupige hesabu nyingine. Kuku 15 kwa Sh 20,000 ni Sh 300,000 zinazotembea uani. Wachanje mara 3 kwa mwaka, ni matone 45. Hata tukiweka tone moja Sh 100, ni Sh 4,500. Mtetea mmoja wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 kwa mkupuo, na mikupuo kama mitatu kwa mwaka. Mkupuo mmoja tu, ukiuzwa, unalipa chanjo ya mwaka ya uani mzima na chenji inabaki.

Mbona basi hatuchanji? Kwa maoni yangu kikwazo ni chupa. Chupa moja ina dozi mia na kuendelea, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi mwezi ujao. Mwenye kuku 15 anaona ananunua ili amwage. Hapa hakuna mtaalamu atakayetusaidia, tujipange wenyewe kwa kaya saba au nane, siku moja, chupa moja, na kijana mmoja aliyefundishwa anayelipwa kwa tone. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa asili walitangaziwa chanjo bila malipo. Jambo jema. Lakini gari la kampeni likishapita, miezi minne baadaye kinga inahitaji kurudiwa, na wakati huo gari liko wilaya nyingine.

Na ninyi wachuuzi, msikae pembeni mkidhani haya ni ya wafugaji. Hasara ya tenga ni yenu. Mchuuzi anayefika uani na kuuliza "wamechanjwa lini?", kisha akaongeza hata Sh 500 kwa aliyechanja, atafanya kazi ambayo semina nyingi hazijaifanya. Mfugaji humsikiliza mwenye fedha mkononi. Mnayemkuta anasinzia, mwacheni hapo hapo, hata kama bei yake inatamanisha. Mkitoka sokoni, tenga lisuguliwe kwa sabuni na lianikwe juani kabla ya safari nyingine. Mimi sijaona wengi wakifanya hivyo, niliowaona ni wawili tu pale Igoma, na wenzao walikuwa wanawacheka.

Jirani yangu ameanza upya na mitetea wawili aliowanunua Kwimba. Amewafungia peke yao nyuma ya choo kwa wiki mbili, hawajachanganyika na wale watatu walionusurika. Jumamosi tunachanja: kaya sita, kuku 93, chupa moja. Nyumba ya saba, yenye bata, haijakubali. Mwenyewe anasema bata wake hawajawahi kuugua kideri. Kweli hawaugui sana, ila wanaweza kukibeba na kukipeleka kwa kuku, na kila jioni wanakunywa maji kwenye mtaro ule ule wanakopita kuku wetu. Ijumaa nitakwenda kuongea naye tena.