Tende Leteni, Machipukizi Yaacheni

Mwezi wa Shaabani ukielekea ukingoni, masanduku yatokayo Masqati na Dubai kuja Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam huwa mazito kwa sababu moja: tende. Kuna khalasi za boksi, fardhi za mfuko, khunaizi alizosisitiza shangazi, na hazikosi kilo mbili tatu za jirani ambaye hakuagiza lakini hasahauliki. Endeleeni hivyo hivyo, na Mungu awazidishie. Ombi langu linahusu kitu kingine ambacho wakati mwingine hupenyezwa kando ya tende hizo: chipukizi la mtende, limezongwa gunia bichi na nailoni, likapandwe uani kwa babu.

Hilo naomba lisiletwe. Na ndugu zetu mlioko Oman kwenyewe, naomba lisitolewe Batina kupelekwa Dakhiliya, wala ng'ambo hii ya wadi kwenda ng'ambo ile, mpaka watu wa kilimo walikague.

Najua linavyopendwa. Ukipanda kokwa za tende, kama nusu ya miche hutoka madume yasiyozaa, na majike nayo hayazai tende za ladha ya mama yao. Anayetaka khalasi ile ile ya shamba la familia kule Nizwa hana budi kukata mtoto ubavuni mwa mti mzazi. Kwa hiyo chipukizi ni urithi, na pengine ndicho kitu pekee kilichobaki cha marehemu kinachoweza kuota tena. Kwa bahati mbaya ndilo pia njia kuu anayosafiria fukusi mwekundu wa mitende.

Wenyewe Oman humwita susa, na wataalamu Rhynchophorus ferrugineus. Ana urefu wa sentimita tatu hadi nne, rangi ya kutu, na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Ukimkuta ukutani utamfagia na kuendelea na shughuli zako. Balaa liko kwa watoto wake. Jike hutafuta kidonda kibichi kwenye mti, pale kuti lilipokatwa jana au chipukizi lilipong'olewa, akataga humo mayai, ambayo katika maisha yake hufika mamia. Baada ya siku chache hutoka funza wanene, weupe, wasio na miguu, wenye kichwa cha kahawia na taya ngumu, nao huanza kuchimba kuelekea moyoni. Wakishashiba kila mmoja hujisokotea kifuko cha nyuzi za mtende, akajigeuza humo na kutoka akiwa fukusi kamili. Toka yai mpaka hapo ni kama miezi mitatu au minne, na mara nyingi kizazi cha pili huanza ndani ya mti ule ule.

Aliyesimama karibu wakati mtende wa namna hiyo unapasuliwa hasahau harufu yake. Nje makuti ya juu bado yamesimama, ya kijani. Ndani pameliwa pakabaki mapango, na nyuzi zilizotafunwa zimelowa maji mazito ya kahawia yanayonuka uchachu kama tembo lililolala. Ukituliza pumzi na kubandika sikio kwenye shina, unaweza kuwasikia funza wakitafuna. Mti wa hivyo hausubiri tufani. Upepo wa kawaida tu wa alasiri unatosha kuukata shingo, na mwenye shamba husema wiki iliyopita aliumwagilia na ulikuwa mzima.

Asili ya mdudu huyu ni Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Umoja wa Falme za Kiarabu alionekana mwaka 1985, Saudi Arabia 1987, Oman 1993. Misri aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, Hispania 1994, na leo yuko katika zaidi ya nchi 40. Anaruka, ndiyo, tena vizuri, lakini jangwa na bahari hakuvivuka kwa mbawa zake. Safari zote ndefu alibebwa, ndani ya machipukizi ya shamba au ndani ya mitende mikubwa ya kupamba hoteli na barabara. Kila aliyembeba alidhani amebeba mti tu.

Hapa najua wasomaji wa pwani wameanza kusema: hayo ya Waarabu na mitende yao, sisi tuna minazi. Basi sikilizeni. Kabla jina lake halijavuma Ghuba, fukusi huyu alikuwa akijulikana India na Sri Lanka kuwa adui wa mnazi. Mpopoo pia anaula, na mchikichi. Mnazi wetu tayari una mashaka yake: ugonjwa wa kunyong'onyea ulioteketeza mashamba mengi, uzee wa miti ambayo hakuna anayeipandia mingine, na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa shaha. Huko Asia, fukusi mwekundu hupenda kutaga katika matundu yaliyoachwa na jamaa wa chonga huyu. Na ukiongeza vidato wanavyokata wakwezi kwenye shina ili wapate pa kukanyaga, na vile vidonda vya mgema, utaona tumemwandalia milango mingapi bila kujua.

Kwa hiyo nasema na pande mbili za bahari, na kila upande una lake.

Nianze na Oman, maana huko vita viko nyumbani. Mnaozungumza Kiswahili huko, wengi wenu mnaishi Masqati, na shamba liko bara, saa mbili au tatu kwa gari. Mara nyingi ni shamba la urithi. Babu aliacha mitende sitini na watoto tisa, watoto wakaacha wajukuu, na leo shamba lina wenyewe arubaini na hakuna hata mmoja anayelifungulia maji ya falaji zamu yake inapofika. Makuti makavu yananing'inia, machipukizi yamesongamana shinani hata mtu hawezi kuliona shina lenyewe. Hapo ndipo fukusi anapozaliana kwa raha, kisha jioni anaruka kwenda kwa jirani ambaye amehangaika mwaka mzima na mitende yake. Naomba familia za namna hii zikae kikao. Si lazima mgawane leo. Ugomvi wa mirathi unaweza kusubiri. Chagueni mmoja wa kulisimamia, mchange pesa kidogo za kusafisha mashina na kumlipa mtu wa kupita mti kwa mti. Kama hamuwezi kabisa, mkodisheni jirani.

La pili ni la wale vijana wanaofanya kazi shambani, wengi wao kutoka Bangladesh na India. Hao ndio wanaoigusa mitende kila siku, si sisi tunaofika Alhamisi jioni na birika la kahawa. Waonyesheni dalili: maji ya kahawia yanayochuruzika shinani, unga wa nyuzi zilizotafunwa uliosukumwa nje ya tundu, harufu ya uchachu, chipukizi moja lililokauka wakati wenzake wako salama, vifuko vya nyuzi vilivyodondoka chini ya mti. Kisha muwaambie kwa maneno ya wazi kwamba atakayeleta habari mbaya hatakatwa mshahara. Nasema hivi kwa sababu mfanyakazi akiogopa kulaumiwa, huufunika mti kwa makuti na kunyamaza.

Na kunyamaza hakuko kwa wafanyakazi peke yao. Wenye mashamba wengi huona aibu kupiga simu ofisi ya kilimo ya wilaya, wakidhani watu watasema wameshindwa kutunza mali ya wazee wao. Wengine wanaogopa mti utakatwa. Ukweli ni kwamba mtende uliogunduliwa mapema hutibika mara nyingi: mafundi hutoboa shina na kumimina dawa ndani, au husafisha sehemu iliyoliwa na kuiziba. Unaokatwa ni ule uliochelewa, na wenye kuuchelewesha ni sisi. Mitende michanga, iliyo chini ya miaka ishirini, ndiyo inayoshambuliwa zaidi, kwa hiyo mianzie hiyo kuikagua.

Mti ukishakatwa, tafadhali msiuburure mpaka kando ya wadi mkauacha. Shina lililolala chini bado lina funza hai, na watatoka. Kuchoma nako kunadanganya, maana shina la mtende limejaa maji: nje huwa mkaa na ndani funza wanaendelea na maisha. Dawa ni kulisaga kwa mashine mpaka liwe vipande vidogo. Waulizeni watu wa kilimo kuhusu mashine hiyo kabla hamjakata.

Nitaje na ndoo za mtego, kwa kuwa zimekuwa fasheni. Toka mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walitambua harufu ambayo madume hutoa kuwaita wenzao, na leo harufu hiyo hutengenezwa kiwandani na kuwekwa katika kijifuko. Ndoo hutobolewa madirisha ubavuni, huvishwa gunia kwa nje ili fukusi apate pa kushika akipanda, na ndani hutiwa maji na tende kidogo zilizochacha. Ni kifaa kizuri kikihudumiwa. Kisipohudumiwa ni hasara, maana kinawaita fukusi wa kitongoji kizima, na wakikuta maji yamekauka wanageukia mtende ulio karibu. Kama huna mtu wa kubadilisha maji na tende kila baada ya wiki moja au mbili, ni heri usitege.

Watu watauliza kama juhudi hizi zina faida. Zipo sehemu zilizoshinda. Visiwa vya Kanari, vyenye mtende wa aina yao wa asili, vilimgundua fukusi mwaka 2005. Wakafunga uingizaji wa mitende kutoka nje, wakakagua mti baada ya mti, na baada ya takriban miaka kumi wakamwondoa. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa Mauritania, kwa sababu si nchi ya fedha nyingi. Alionekana huko mwaka 2015, katika oasisi ya Tidjikja. Serikali ikishirikiana na FAO haikuwaacha wataalamu peke yao. Wakulima wenyewe wa oasisi, kupitia vyama vyao, walifundishwa kukagua, kuhudumia mitego na kutoa taarifa, na fukusi akatokomezwa. Mchango mkubwa ulikuwa macho ya wenye mitende, na macho hayo kila familia inayo.

Sasa pwani yetu. Tende na kokwa hazina neno, kwa sababu fukusi huyu hakai ndani ya tunda. Kinachokatazwa ni mche: chipukizi, mtende wa chungu, mnazi wa kupamba, chochote cha jamii hiyo chenye shina lililo hai. Anayeutaka kwa dhati zipo njia za halali. Maabara za Ghuba, Al Ain na kwingineko, huzalisha miche ya mitende katika chupa kutokana na tishu, na miche hiyo huanza maisha bila mdudu. Iagizwe hiyo, tena kwa kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea. Kenya mnahusika na KEPHIS, Tanzania Bara na TPHPA, Zanzibar na maofisa wa karantini ya mimea wa wizara ya kilimo. Ni usumbufu, sikatai. Foleni ipo na ada ipo.

Wenye hoteli za ufukweni na mafundi wa bustani, nanyi nina neno lenu. Mteja anataka mtende mrefu uliokomaa, usimame mbele ya lango siku ya ufunguzi, na kuna meli inayoweza kuuleta. Hispania na Italia zililipa bei kubwa kwa tamaa hiyo. Pandeni mikindu na minazi ya hapa hapa, muipe miaka. Wageni hawaji kupima urefu wa mti.

Wakulima wa minazi, mpigeni vita chonga kama kawaida: mbolea na magogo yaliyooza yasirundikwe shambani, maana huko ndiko anakozaliana. Mkwezi akishuka aulizwe alichokiona huko juu, kwa kuwa ndiye pekee anayelifikia shaha kwa macho yake. Akisema kuna maji ya kahawia au mdudu mwekundu mwenye mdomo mrefu, mtieni huyo mdudu kwenye chupa yenye kifuniko, mpigeni picha, na mumwite bwana shamba siku hiyo hiyo. Huenda akawa fukusi wa Afrika tuliyemzoea, anayefanana naye sana. Bwana shamba hatakasirika kwa kuitwa bure.

Na kama unasoma haya ukiwa safarini, na chipukizi limo sandukuni tayari kwa sababu mama mkubwa alilitia mwenyewe na hukuweza kumkatalia, usilitupe kwenye jalala la uwanja wa ndege wala usilifiche chini ya mashuka. Ukishuka tu, tafuta dawati la wakaguzi wa mimea, uliweke mezani na useme limetoka wapi. Wao wanajua la kulifanya. Mama mkubwa mpigie jioni, umwambie tende zimefika.