Vazi Linalosahaulika Mwilini

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mtu mzima husimama mbele ya kabati, au sanduku, au msumari uliopigiliwa nyuma ya mlango, akachagua nguo ya siku ile. Ukimwuliza ni nani aliyemshauri, naye akikubali kusema kweli, atakutajia watu wengi: mkubwa wake kazini, jirani, mkwe, mwenzake wa ndoa. Ni nadra kumsikia akiutaja mwili wake mwenyewe. Nao mwili ndio utakaoibeba nguo hiyo tangu alfajiri hadi usiku, kwenye basi, jikoni, dukani, kwenye foleni ya hospitali, na ndio utakaowashwa, kubanwa, kutokwa jasho au kutetemeka. Leo nakusudia kuutetea mwili.

Tuanzie Nkende, kata iliyomo katika mji wa Tarime, mkoani Mara. Yeyote aliyewahi kushuka Tarime alfajiri akitoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi hana haja ya kuelezwa lolote. Mji ule umekaa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Asubuhi kuna baridi ya kukunja vidole. Saa sita jua linawaka utosini. Alasiri, katika miezi ya mvua, mawingu yanakusanyika na radi inapiga. Kwa hiyo mtu wa Nkende aweza kupitia hali tatu za hewa katika siku moja, na vazi moja haliwezi kuzitosheleza zote.

Basi tazama jinsi akina mama wa huko walivyolitatua jambo hili bila kusomea chuo chochote. Anayekwenda sokoni huvaa gauni, juu ya gauni sweta, juu ya sweta khanga. Ifikapo saa sita sweta limekwisha kufungwa kiunoni, na khanga imeviringwa ikawa kata ya kubebea mzigo kichwani. Mvua ikianza, khanga ile ile inamfunika mtoto mgongoni. Hiyo ndiyo akili ya mavazi: nguo nyepesi kadhaa zinazovuliwa na kuvaliwa kwa zamu, badala ya nguo moja nzito ambayo mtu hana la kufanya nayo jua linapochomoza.

Watazame pia vijana wa bodaboda kwenye barabara iendayo Sirari, mpakani na Kenya. Utamwona mmoja amevaa koti zito lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, tena kalivaa kinyumenyume, vifungo vikiwa mgongoni. Mgeni hucheka. Lakini upepo unampiga mwendesha pikipiki kifuani, na upepo hupenya palipo na vifungo au zipu. Akiligeuza koti, kifua chake kinakingwa na kitambaa kizima kisicho na mwanya. Kijana yule amefikiri kuliko mshonaji. Mimi simcheki hata kidogo, na natamani kila mmoja wetu angekuwa na ujasiri huo wa kugeuza nguo ili imfae.

Yafaa sasa tuseme juu ya kitambaa chenyewe, kwa sababu fedha nyingi za familia hupotea hapa. Akina baba na mama wengi huchagua kwa rangi na kwa mng'aro. Vitambaa viwili vinaweza kufanana machoni vikatofautiana kabisa mwilini. Pamba hunywa unyevu; hata ikiwa imening'inizwa kavu kabatini, hubeba maji ya hewani yapatayo asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Ndiyo maana jasho likitoka chini ya shati la pamba hunyonywa, likaenea kwenye kitambaa na kukauka kwa hewa, na mtu akapoa. Chini ya shati la poliesta iliyofumwa kwa kubana jasho hubaki mgongoni, shati likagandana na ngozi.

Poliesta ni uvumbuzi wa Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941, na kwetu iliingia kwa jina la terilini. Ilipendwa kwa haki: haikunjamani ovyo, hukauka upesi, na marinda yake hayafutiki. Hakuna mtu aliyewahi kuhangaika na pasi ya mkaa atakayethubutu kuilaumu moja kwa moja. Nami sisemi itupwe. Nasema isiguse ngozi ya mtu anayefanya kazi juani. Na wala pamba si dawa ya kila jambo, maana ikilowa hukaa na maji kwa muda mrefu na kuupoza mwili. Mvua ya Tarime ikikukuta na fulana ya pamba peke yake utatetemeka hadi jioni. Hapo sweta la sufu lina faida, kwa kuwa sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu.

Wanaoumia zaidi kwa makosa yetu ni watoto wachanga, kwa vile hawawezi kusema. Mama wa nyanda za baridi humfunga mtoto asubuhi kwa kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi. Amefanya vema. Shida ni kwamba saa saba mchana mtoto bado yumo humo humo, uso umemwiva, shingo imejaa harara, naye analia na kupewa dawa ya tumbo. Mshike kifuani au nyuma ya shingo, usimpime kwa vidole vya mikono, kwa kuwa vidole vya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata mwili ukiwa na joto. Kama shingo ina jasho, punguza nguo moja. Bibi atanung'unika, mwache anung'unike, lakini mweleze kwa adabu.

Tangu zamani wengine wametuchagulia la kuvaa, na aghalabu mwili haukuulizwa. Katika karne ya 19 kitambaa kigumu cha pamba kutoka Marekani kililetwa Unguja na wafanyabiashara, kikapelekwa bara kwa misafara hadi jina lake likabaki katika lugha yetu: merikani. Kwa bahati njema watu wa pwani hawakuridhika nacho. Mwishoni mwa karne ile akina mama wa Unguja na Mombasa walizusha khanga, pamba laini, jozi moja, isiyohitaji sindano wala vifungo, itoshayo mtu mnene na mwembamba sawasawa. Sijui nguo nyingine yenye uungwana mkubwa kuliko hiyo: haikuulizi umenenepa lini.

Halafu ikaja zamu ya vijana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua ngozi. Nia ilikuwa heshima ya utamaduni wa taifa, na kuhusu dawa za kujichubua hapana shaka walisema kweli. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo wasichana walishambuliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, hasa Kariakoo, na barua za wasomaji zikajaa magazetini kwa ubishi. Tukitazama nyuma, twaweza kusema bila kuogopa kwamba mzigo wa operesheni ile ulimwelemea mwanamke kuliko mwanamume, na kwamba katika kelele zote zile za urefu wa sketi, lilisikika kwa nadra swali dogo la mfanyakazi: je, nguo hii inaniwezesha kupanda basi, kuinama na kufanya kazi kutwa?

Baadaye kulikuwa na miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo doti ya khanga ilikuwa habari ya kupigania foleni, na aliyepata hakuuliza rangi. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984 mitumba ikafurika, na watu wakaiita kafa Ulaya, ati mwenyewe amefariki huko. Mzaha ule haukuzuia mtu kununua. Nkende, kama ilivyo miji mingine yote, sweta nyingi na makoti mengi hutoka katika marobota hayo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuyaondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, na ni Rwanda peke yake iliyoshikilia uamuzi na kuadhibiwa, mwaka 2018. Sitaingia katika mjadala huo leo, ingawa kama mkazi yeyote wa nchi inayolima pamba naona uchungu kuona sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa ikiondoka ghafi. Kwa ukurasa huu wa familia nasema neno moja tu kuhusu mitumba: shati la zamani la pamba, lililofuliwa mara mia, ni laini kuliko jipya, na si aibu kulipenda. Ila nguo za ndani zinunuliwe mpya, za pamba. Sheria za viwango nchini zimekataza zile zilizotumika, na ingawa bado zinaonekana zimetandikwa chini kwenye minada, ngozi haina haja ya kurithi fangasi za mtu asiyemjua.

Wanaume nao wasidhani wamesalimika. Wako wanaokaa kutwa wamefunga tai shingoni katika ofisi isiyo na feni, wakijipepea kwa jalada la faili. Mwalimu Nyerere alionekana mara nyingi hadharani katika suti nyepesi isiyo na tai, na suti ya mikono mifupi iliyochukua jina la Rais Kaunda wa Zambia ilivaliwa na viongozi na makarani wa nchi nyingi za Afrika. Ajabu ni kwamba Novemba 2023, ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba kaunda suti hairuhusiwi bungeni, pahala ambapo koti na tai vinakubalika. Vazi lililobuniwa kwa jua letu limekataliwa, na lililobuniwa kwa baridi ya London limebaki kuwa kipimo cha heshima. Waheshimiwa wana viyoyozi. Karani wa Tarime hana.

Sasa turudi kwa akina mama, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wa majumbani ulipo. Dera, lile gauni pana lisilobana popote, limewapa wanawake wa mijini pumziko kubwa. Mke aliyetoka kazini akivua sketi ya kubana na kutia dera, hata sauti yake hubadilika. Wako waume wanaokasirika akitoka nalo hadi dukani, wakisema ni nguo ya kulalia. Mume huyo huyo utamkuta barazani na bukta na singlendi, miguuni kandambili, akisalimiana na wapita njia bila wasiwasi wowote. Kama starehe ni halali barazani kwa mmoja, haiwezi kuwa fedheha dukani kwa mwingine. Na kuhusu wakwe, nyumba nyingi zimekwisha kupata suluhisho: khanga moja iko kwenye msumari karibu na mlango. Baba mkwe akibisha hodi, inafungwa juu ya gauni, na heshima imetimia bila mtu kubadili nguo mbio mbio.

Ofisi nyingi za umma zina mabango mlangoni yenye picha za nguo zisizotakiwa. Sina ugomvi nayo. Nimeyasoma kwa makini na sijaona bango linalokataza upana, wala pamba, wala mfuko. Naam, mfuko. Ni jambo la kusikitisha kwamba suruali ya mtoto wa kiume wa miaka mitano ina mifuko miwili, na gauni la mama yake anayeuza samaki na nyanya sokoni kutwa halina hata mmoja. Fedha ya mauzo anaifunga kwenye pindo la khanga au kuitia kifuani, ambako hulowa jasho na kudondoka anapoinama. Mama anayenyonyesha naye hushonewa gauni lililofungwa hadi shingoni, zipu mgongoni, kana kwamba fundi hakumwona mtoto aliyebebwa siku ya kupimwa. Hospitalini au kwenye basi inambidi ajifunue nusu ya mwili ili mtoto ale.

Mambo hayo mawili hayahitaji kitambaa cha ghali. Mfuko wa pembeni hutoka kwenye vipande ambavyo fundi angevitupa sakafuni, na mpasuo wa vifungo kifuani ni kazi ya dakika chache za cherehani. Ni kuagiza tu. Lakini sema mapema, ndugu yangu, wakati fundi bado ameshika chaki. Akishachukua mkasi atakuambia kitambaa hakikutosha.