Mtoto Anayezomewa Darasani



Muhula uliopita alitufikia mama mmoja akieleza kwamba mwanawe wa kidato cha pili huumwa tumbo kila siku ya shule, na hospitali hawajaona ugonjwa. Tulipozungumza na kijana huyo, katekista akiwapo, tulifahamu kwamba hanywi maji tangu alfajiri ili asilazimike kwenda chooni shuleni, kwa kuwa huko ndiko wenzake wanakomvizia. Sauti yake ni nyororo na mwendo wake wa taratibu. Basi wamempa jina. Mwalimu mmoja naye hulitumia jina hilo anapoita mahudhurio, na darasa zima hucheka. Kijana hakutuambia iwapo jina hilo lina ukweli, nasi hatukumwuliza. Kuhusu usalama wake, jibu lisingebadili kitu.

Wakazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa uzito wa majina hayo. Neno shoga, ambalo mama zetu huitana kwa mapenzi, likirushwa kwa mvulana huwa jiwe. Na hanithi ni zito zaidi.

Tunajua swali litakaloulizwa baada ya Misa: je, Kanisa limebadili mafundisho yake? Halijabadili. Lakini Katekisimu iliyotangazwa mwaka 1992, ile ile inayofundisha juu ya ndoa na usafi wa moyo, katika namba 2358 inadai kwamba watu wanaovutiwa na wa jinsia yao wapokelewe kwa heshima na huruma, na inakataza kila dalili ya kuwabagua isivyo haki. Wapo, hata miongoni mwa viongozi wa walei, wanaosoma namba 2357 kisha wakafunga kitabu. Baba Mtakatifu Fransisko naye, Januari 2023, alisema wazi kwamba kuwa na mwelekeo huo si kosa la jinai.

Watoto hawakuanza mchezo huu wao wenyewe. Hapa Zanzibar sheria ya mwaka 2004 iliongeza makali ya adhabu kwa tendo lenyewe. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina ya watu wa namna hiyo. Nchini Kenya, mwishoni mwa mwaka 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, George Magoha, alisema wanafunzi hao wasikae shule za bweni. Maneno ya wakubwa husikika redioni na barazani. Wakubwa wakitafuta majina, wadogo nao huyatafuta darasani.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo twaomba wazazi walitafakari kwa utulivu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, ambao matokeo yake yalitolewa 2011, uliwauliza vijana wa Zanzibar pia. Waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa kama asilimia 6 ya wasichana, na kama asilimia 9 ya wavulana. Naam, wavulana ndio waliozidi! Sasa mvulana aliyedhulumiwa na mtu mzima atamweleza nani, ikiwa neno la kwanza atakalojibiwa ni lile lile la chooni? Hatusemi hata kidogo kwamba dhuluma ndiyo inayompa mtu mwelekeo wake. Twasema kwamba tusi moja linawaziba vinywa watoto wawili: anayezomewa, na aliyeumizwa ambaye anaogopa kuzomewa.

Sisi Wakristo tu wachache visiwani. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili, alipofika kuadhimisha Misa. Waliokuwapo wakati ule wanakumbuka jinsi njia ya kwenda kanisani, waliyoizoea tangu utoto, ilivyogeuka kuwa ya hofu. Hatukuhitaji mtu akubaliane na imani yetu ndipo atulinde. Tulidai ulinzi kwa kuwa tu binadamu. Kijana yule anadai hicho hicho.

Tumekwisha kumwona mwalimu mkuu wake, aliyetupokea kwa adabu, na jina halitumiki tena katika mahudhurio. Chooni bado.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zichague mzazi mmoja aliye katika kamati ya shule, alipeleke suala la vyoo na njia za kurudi nyumbani. Makatekista wasivumilie majina hayo katika mafundisho ya Kipaimara, hata kwa mzaha. Mtoto akisema ameumizwa, apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha Mkono kwa Mkono, Hospitali ya Mnazi Mmoja, au ipigwe simu namba 116. Wala asihojiwe kwanza na ukoo mzima. Taarifa za jumuiya ziletwe ofisi ya parokia kabla ya Jumatano ya Majivu, bila majina ya watoto.