KONA YA JAMAA: Jina la Nyanya Kwenye Kadi

Mwezi huu tuongee juu ya kweli ya ndani ya moyo. Siyo ile tunayoisema kanisani tukiwa tumevaa vizuri, ila ile inayobaki usiku mlango ukishafungwa. Tutaanza na nyumba yetu wenyewe, maana si vizuri kufagia uwanja wa jirani wakati kwako kumejaa majani.

Nyanya wa watoto wetu alivuka Ziwa Tanganyika pamoja nasi mwaka 1996. Alipofariki hapa kambini tulimlilia, tukamzika, majirani wakakaa nasi matanga. Lakini jina lake tuliliacha kwenye kadi ya posho. Tulisema, "Ngoja mwezi huu upite kwanza, tuna deni la matanga." Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Unga wake tulikula, maharagwe yake tulikula, mafuta yake tuliuza sokoni tupate sabuni. Na kila jioni tulifumba macho tukamshukuru Mungu kwa chakula.

Siku moja mtu wa kuhakiki akapita nyumba kwa nyumba. Akauliza, "Huyu mama mzee yuko wapi?" Tukajibu haraka, "Ameenda kutafuta kuni." Alipoondoka, mtoto wetu wa miaka sita akauliza, "Kumbe Nyanya amefufuka? Atarudi saa ngapi?" Akaenda kukaa mlangoni kumngojea. Wapendwa, tulikosa la kumjibu.

Usiku ule tulisoma Zaburi ya 51. Ni zaburi ya Daudi, baada ya kumchukua mke wa Uria na kupanga Uria afe vitani. Alikaa kimya mpaka mtoto akazaliwa. Watu walimwona ni mfalme mzuri tu. Ndipo nabii Nathani akamletea habari ya maskini aliyenyang'anywa kondoo wake mmoja, na Daudi akamkasirikia sana yule tajiri, kumbe ni yeye mwenyewe. Katika zaburi ile Daudi anakubali kwamba Mungu hatosheki na ukweli wa mdomo. Anautafuta ule wa ndani kabisa. Kwetu Nathani alikuja akiwa na miaka sita.

Wengine watasema, "Njaa ni njaa, na posho yenyewe haitoshi." Ni kweli haitoshi, na Mungu anajua. Wengine watauliza, "Mbona njiani tulificha majina yetu kwenye vizuizi vya wenye bunduki?" Swali zuri. Shifra na Pua, wazalishaji wa kitabu cha Kutoka, hawakumwambia Farao ukweli wote, maana alitaka kuua watoto, na Mungu akawatendea mema. Lakini tusijidanganye. Wale walikuwa wanalinda uhai. Sisi tulikuwa tunalinda kopo la mafuta.

Basi tukaenda ofisini, baba na mama pamoja, tukasema yote. Jina likafutwa. Jirani mmoja akatucheka, "Nyinyi mnafikiri malaika watawaletea unga?" Hawakuleta. Mwezi ule siku za mwisho tulikula mara moja tu kwa siku, watoto wakalia. Hatutaki kuwadanganya hata katika hilo.

Ila jambo moja lilibadilika. Tulimchukua mtoto tukaenda naye mpaka kaburini, tukamwambia, "Nyanya amelala hapa, anangoja siku ya Bwana. Siku ile tulisema uongo, utusamehe." Akaweka ua, akatushika mikono, tukarudi nyumbani. Na sala yetu ya jioni sasa, hata sahani ikiwa ndogo, tunaisema bila kuogopa maneno yetu wenyewe.

Maswali ya kuongea nyumbani:
1. Kuna neno gani tunalisema mbele ya watoto huku wao wanajua si kweli?
2. Kweli hiyo ikisemwa, tutapoteza nini? Na tukiificha, tutapoteza nini?
3. Nani awe wa kwanza kuomba msamaha? (Wazazi, msiwasukumie watoto.)

Tuombe: Ee Baba, ingia mpaka chumba cha ndani tulichokifunga. Utupe posho ya leo, na moyo usiojificha mbele yako. Amina.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.